Namba 19: mashua ya kuokolea iliyogeuka paa huko Butiaba

Mashua niliyoitiwa Butiaba ilikuwa imelala kifudifudi juu ya nguzo sita za miti, mkuku, yaani uti wake wa chini, ukitazama juu, na chini yake samaki walikuwa wakikaushwa kwa moshi. Ukisimama mbali ungedhani ni kibanda kama vibanda vingine vya pale ufukweni, ila paa lake lina mbavu. Mwenyewe ni mama wa Kialuri aliyepita miaka 70, mjane, anayeuza samaki wakavu kwa wachuuzi wanaopanda mlima kwenda Masindi na Hoima. Aliyeniita ni mpwa wangu, ambaye alikuwa dalali katika jambo hilo. Na mnunuzi ni bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni, aliyekuja na maneno manne: boti la Robert Coryndon.

Bei ilining'inia kwenye maneno hayo. Kama kweli mashua ilitoka kwenye meli ya jina hilo, yule bwana angetoa shilingi milioni 4. Kama sivyo, laki 7, bei ya mbao kuukuu. Alikusudia kuikata katikati, asimamishe nusu ya mbele ukutani iwe rafu ya vinywaji, na juu yake aandike jina la meli. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, wewe ni fundi wa maboti na babu alikuwa mtu wa relwe. Ukisema ni lenyewe, biashara imekwisha."

Ni kweli baba alikuwa fundi wa mbao kwenye karakana ya meli za relwe Kisumu, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 tukarudi Jinja. Kiswahili changu nilikiokota pale karakana, kwa mafundi wa Kisumu, Mwanza na Bukoba, na useremala vilevile. Kwa hiyo nilikwenda kwa furaha. Nilitaka iwe lenyewe. Naliandika hili mapema ili msomaji ajue nilikuwa naelemea upande upi kabla sijagusa ubao hata mmoja.

Kwa asiyeijua Butiaba, ni ulimi wa mchanga chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye Ziwa Albert upande wa Uganda, ikitazamana na Kongo. Leo ni kijiji cha wavuvi. Zamani ilikuwa bandari, na bandari yenye shughuli. Msafiri alitoka Jinja kwa garimoshi mpaka Namasagali, njia iliyofunguliwa mwaka 1912. Pale akapanda meli ya Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port. Akachukua gari kupitia Masindi mjini, akateremka ukingo wa bonde mpaka Butiaba. Akapanda meli nyingine kwenda Pakwach, na mbele zaidi kufuata Nile mpaka Nimule, mlango wa Sudan. Njia yote hiyo ilikuwa mkononi mwa watu wa relwe, na lugha ya kazi ya makuli, mabaharia na mafundi wake ilikuwa Kiswahili. Mpaka leo Mgungu, Mualuri na Mkongo wakikutana sokoni Butiaba wanapatana bei kwa lugha hiyo.

Robert Coryndon ndiyo iliyokuwa fahari ya ziwa hilo. Ilijengwa Uingereza na kampuni ya Thornycroft, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa hapohapo Butiaba na kuingia majini mwaka 1930. Jina ni la gavana aliyeitawala Uganda tangu 1918 hadi 1922. Kisha zikaja mvua za mwisho wa mwaka 1961. Maziwa yakapanda kila mahali. Victoria peke yake lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka mitatu, na Albert nalo likapanda, likaimeza bandari ya Butiaba. Namasagali ikapatwa na mkasa uleule. Mwaka 1964 Coryndon ikazama, na mwaka huohuo reli ikafika Pakwach kwa njia ya Gulu, basi hapakuwa na sababu tena ya kuijenga upya bandari. Mwili wa meli ulikaa pale miaka mingi ukila kutu, watoto wakiuona kila siku, ndiyo maana jina lake halijasahaulika. Kila kitu cha zamani Butiaba, hata skrubu, utaambiwa ni cha Coryndon.

Sasa tuingie chini ya paa.

Nililala chali juu ya gunia, macho yakiwasha kwa moshi, nikaanza kuisoma mashua kutoka ndani. Jambo la kwanza lilikuwa wazi hata gizani: mbao zake zimepandana, ukingo wa kila ubao umelalia ubao wa jirani kama vigae, na kila mahali zinapokutana pamepigwa ribiti, msumari unaopondwa ncha, ya shaba nyekundu yenye kisahani chake cha shaba. Nilihesabu ribiti 40 katika urefu wa mkono wangu uliokunjuliwa mara mbili, nikaacha. Mafundi wetu wa ziwani hawajengi hivyo. Sisi tunaziweka mbao ubavu kwa ubavu, tunapiga misumari, tunakalafati, yaani tunaziba nyufa, kwa pamba, tunafunika maungio kwa vipande vya bati. Mababu wa Ssese walizishona kwa nyuzi za mti. Mashua ya mbao za kupandana na ribiti za shaba ni kazi ya Ulaya.

Jambo la pili ni mataruma, zile mbavu za ndani. Mataruma yetu ni mazito, yamechongwa kwa msumeno na shoka. Haya yalikuwa membamba, upana wa vidole viwili, yamekaribiana, na yamepinda toka ukingo hadi ukingo bila kiungo. Huo ni mwaloni uliopikwa kwa mvuke ukapindwa ungali moto. Taruma la namna hiyo ni jepesi, na wepesi ndio uliotakiwa kwa mashua inayoning'inizwa juu ubavuni mwa meli.

Kisha nikaona mahali palipokuwa na matangi ya hewa. Hii ndiyo alama ya kabila la mashua za kuokolea. Chini ya viti vya pembeni, huku na huku, hupangwa masanduku ya shaba yaliyofungwa kabisa, yenye hewa tupu, ili mashua ikijaa maji isizame. Masanduku yenyewe hayapo. Shaba huuzika upesi, hilo halihitaji upelelezi. Ila nyayo zake zimebaki: mistatili iliyopauka kwenye mbao, safu moja kila upande, na vipande vya mti vilivyokuwa vikiyashikilia. Na kwenye mkuku, karibu na omo, yaani ncha ya mbele, kuna pete nene ya chuma iliyopita mpaka nje, ya kutilia kulabu ya kamba wakati wa kuteremsha mashua majini. Pete kama hiyo ilipaswa kuwapo nyuma pia. Haipo, kwa sababu nyuma yenyewe haipo.

Hapo nilinyamaza muda. Mashua za kuokolea zilichongwa zikiwa na ncha mbili, omo na tezi, mbele na nyuma, zinafanana, ili wimbi likitoka nyuma lipasuliwe kama la mbele. Hii ilikuwa imekatwa tezi kwa msumeno, na mahali pake pamewekwa ukuta bapa wa mvule, wenye makovu ya vibano vya injini. Moyo uliniuma, nakiri. Nilimwuliza mama ni nani aliyeikata, na nadhani sauti yangu haikuwa na adabu ya kutosha, maana alinitazama kabla ya kujibu.

"Fundi wa ng'ambo," alisema. "Mume wangu alimleta kutoka Kongo. Alikaa siku tisa, anakula kwangu."

Nilirudi nikauangalia ule ukuta wa mvule upya, kwa taa ya simu. Yule fundi hakuwa mharibifu. Pale ambapo mbao za zamani zinakutana na mvule, hakupiga misumari ya chuma. Alizitoa ribiti za shaba kwenye kipande alichokikata, akazinyoosha, akazipiga tena, moja moja, na alama za nyundo yake ndogo bado zinaonekana pembeni mwa kila kisahani. Alijua kwamba chuma ndani ya mwaloni hugeuka doa jeusi na kuula mti. Kuinyoosha ribiti ya shaba bila kuivunja unahitaji moto mdogo na subira kubwa. Siku tisa zilieleweka.

Namba niliipata mchana, baada ya mama kuwaondoa samaki na kuniruhusu nisugue masizi kwa kitambaa na mafuta ya taa. Iko kwenye ubao wa juu kabisa, upande wa ndani, hatua moja kutoka kwenye hanamu, mti wa mbele unaopasua maji. Imechongwa kwa patasi: 20, kisha 6.5, kisha 2.5, na chini yake peke yake, 19.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tarakimu hizi zilisema mengi kuliko sisi sote tuliokuwa pale. Tatu za kwanza ni vipimo kwa futi: urefu, upana na kina. Nilipima upana na kina kwa tepu, vikalingana. Urefu nilipata futi 17 na nusu. Basi fundi wa Kongo alikata futi 2 na nusu, na mashua ilikuwa imeyatunza maandishi ya urefu wake wa kuzaliwa.

Namba 19 ni watu. Haikukisiwa; ina hesabu yake. Zidisha 20 kwa 6.5 kwa 2.5, unapata 325. Lakini mashua si sanduku, inachongoka, kwa hiyo kanuni ilichukua sehemu 6 tu katika kila 10: zinabaki futi za ujazo 195. Kila mtu alipewa futi 10 za ujazo. Gawanya, unapata 19 na nusu, na nusu mtu haokolewi, inaachwa. Ni hesabu ileile iliyoipa kila mashua kubwa ya Titanic, yenye futi 30, watu 65. Mashua zote 20 za meli ile zilikuwa na nafasi 1,178, na watu ndani ya meli walipita 2,200. Msiba huo wa 1912 ndio uliozaa mkataba wa kwanza wa usalama wa watu baharini, uliotiwa saini Januari 1914.

Mkataba huo ulifumuliwa na kufumwa tena mara kadhaa. Kwa kanuni za mwaka 1960, mashua fupi kuliko futi 24 hazikuruhusiwa tena kuhesabiwa kwa kigawo cha 10: ya futi 16 iligawiwa kwa 14, na zilizo kati zikapata kigawo cha kati. Ya futi 20 inapata 12. Gawanya 195 kwa 12, unapata watu 16. Meli za maziwa yetu hazikuwa baharini, lakini aliyeshika patasi hapa aliifuata kanuni ya zamani bila shaka yoyote: aliandika 19, hakuandika 16. Kwa hiyo mashua hii ni ya kabla ya kanuni za 1960, na ni ya kuokolea kweli, si ya starehe wala ya kuvushia barua.

Mnunuzi alifurahi sana niliposema hayo. Umri unakubali, akasema. Kisha akanionyesha ushahidi wake mwenyewe: bao la kukalia la katikati, lililochongwa herufi mbili kubwa, R na C. Mpwa wangu akanitazama kama mtu aliyekwisha kuzihesabu pesa zake.

Niliupapasa ule ubao. Kisha nikatoa kisu nikakwangua kidogo chini, mahali pasipoonekana. Ndani ulikuwa na rangi ya asali iliyoiva, nyuzi zimepishana, na harufu ile ambayo kila seremala wa Uganda anaijua. Mvule. Umeshikiliwa kwa misumari ya chuma, yenye kutu. Mabao mengine mawili ya kukalia ni ya mti wa Ulaya, yana ribiti za shaba. Yaani herufi zimechongwa kwenye ubao ambao meli haikuwahi kuuona. Na jina la meli halikuchongwa kwenye mashua, lilipakwa rangi ubavuni mwa omo. Rangi huisha, ndiyo sababu haliko.

Mama alikuwa akitusikiliza muda wote huku akigeuza moto. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nilipomuuliza herufi hizo ni za nani, alijibu bila kuinua kichwa: "Roman Catholic. Marehemu alikuwa katekista. Hapo ndipo alipoweka sanduku la kanisa tukivuka."

Nilijilaumu kwa kuchelewa kumkalisha na kumsikiliza yeye kwanza. Katika kazi hii tunakimbilia tepu na kisu, na mwenye mashua amekaa hapo pembeni na historia nzima. Basi nikakaa. Alisema baba yake alikuwa kuli wa bandari. Mashua ilikuwa imekataliwa, imewekwa nyuma ya ghala pamoja na kamba mbovu na mapipa, na wakubwa wakauza vitu hivyo. Baba yake na ndugu zake waliisukuma juu ya magogo mpaka nyumbani. Yeye alikuwa mtoto, hajaanza shule.

"Ilikuwa kabla ya maji au baada?" niliuliza. Pale Butiaba ukisema maji, mtu anajua ni yapi.

"Kabla. Maji yalipokuja, boti lilikuwa linanuka samaki siku nyingi."

Jibu hilo lilimaliza ubishi. Hadithi ya mnunuzi ilikuwa kwamba watu walijiokoa na mashua hii siku Coryndon inazama. Lakini kama mashua ilikuwa tayari ya uvuvi kabla ya maji, basi ilikwisha kutolewa kwenye meli miaka kadhaa kabla ya 1964. Ilikuwa kifaa kilichokwisha muda wake, kikauzwa kwa kuli. Na Butiaba haikuwa na Coryndon peke yake. Samuel Baker nayo ilifanya kazi kwenye ziwa hilohilo. Mbao haziniambii ipi kati ya meli za relwe ndiyo iliyokuwa mama yake, na mimi siwezi kuzilazimisha.

Jioni niliandika ukurasa mmoja, nikawasomea wote watatu. Niliandika kwamba hii ni mashua ya kuokolea, kazi ya Ulaya, ya kabla ya kanuni za 1960. Kwamba iliuzwa na bandari ya Butiaba kabla ya mafuriko. Kwamba ilivua samaki kwa vizazi viwili, ikakatwa tezi na fundi hodari kutoka Kongo, na sasa ni paa. Jina la meli sikuliandika.

Mpwa wangu alikasirika. Tulipokuwa peke yetu alisema, "Mjomba, lile benchi ungelinyamazia tu. Nani angekwangua?" Sikumgombeza. Huyu mama ana wajukuu wanaodaiwa karo, na milioni 4 ni pesa. Ukweli wangu ulimgharimu yeye, haukunigharimu mimi. Jambo hilo lilinikosesha usingizi, na bado sijalimaliza moyoni. Lakini nilichokataa ni hiki: mnunuzi alitaka kuitoa mvule yote, kubandua vipande vya bati, kuirudishia tezi ya kuigiza, halafu aikate katikati. Yaani afute miaka zaidi ya 60 ya kazi ya watu wa ziwa hili ili ibaki miaka michache ya meli, tena chini ya jina lisilo lake. Nilimwambia kwamba akitaka kuinunua nzima, na karatasi yake ya kweli ukutani, nitamsaidia kuisafirisha bila malipo. Alifikiri usiku mmoja, akarudi kwenye laki 7.

Mama alikataa. Alieleza kwa kifupi: laki 7 haimpatii mabati na nguzo za kibanda kingine, na chini ya bati samaki hupata joto mno. Basi mashua ikabaki.

Siku mbili zilizofuata nilifanya kazi niliyoijua. Nguzo mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, nikaziondoa, na zote sita nikazikalisha juu ya mawe. Mbao zenyewe mchwa hawajazigusa. Masizi ya miaka yote hiyo yamezilinda, na ziwa la maji baridi halina wale wadudu wa baharini wanaotoboa vyombo, vinginevyo mashua hii isingefika hapa. Nilimwomba asiruhusu mtu apake lami ndani, wala asing'oe ribiti hata ikilegea. Ufa mmoja karibu na mkuku niliukalafati kwa pamba, mvua isimdondokee.

Nilipokuwa nakusanya vifaa, aliniomba nimwonyeshe ile namba. Aliinama chini ya ukingo, akapitisha kidole kwenye 1 na kwenye 9.

"Ndio watu waliotakiwa?"

Nikamwambia ndiyo, watu 19, wakubwa.

Akaanza kuhesabu kwa Kialuri, akikunja vidole: baba yake, mama yake, shangazi, majirani wa upande wa ghala, mzee mmoja aliyebebwa na kitanda chake, siku ile nyumba zilipoingia majini na baba yake akapiga kasia mpaka chini ya mlima. Alikosea mahali, akarudia mwanzo.

"Tulikuwa 26," alisema. "Na mbuzi."